Besi Inavuma Lakini Haisikiki: Kisa cha Bendi Moja na Amplifaya Yake

Malalamiko yaliyoletwa kwangu yalikuwa mawili, na yalipingana. Waimbaji walisema besi haisikiki. Mpiga kinanda, ambaye hukaa hatua mbili tu kutoka kwenye kombo ya besi (amplifaya na spika ndani ya kasha moja), alisema besi imezidi mpaka hasikii mkono wake mwenyewe. Mpiga besi aliwaacha wamalize, kisha akanigeukia: "Fundi, hiki kikombo kimechoka. Nitafutie kitu cha wati elfu moja tumalize haya maneno."

Kazi yangu ni kufunga mziki, si kupiga besi. Lakini bendi hii ya dansi ya hapa Dar es Salaam nimeifungia vyombo kwa muda wa kutosha kujua kwamba pande zote zilikuwa zinasema kweli. Ni bendi ya watu tisa: dramu, tumba, solo, rithim, besi, kinanda na waimbaji watatu. Mfuko ulikuwa na milioni 2 na ushei, hela iliyookotwa kidogo kidogo kwenye harusi, na kiongozi alishasema kwamba ikiliwa vibaya hakuna nyingine mwaka huu. Kwa hiyo nikamwomba mpiga besi anipe wiki moja kabla hatujakanyaga dukani.

Wiki hiyo nilihudhuria shughuli zao zote, nikasimama upande wa wateja na kusikiliza tu.

Mazoezini hapakuwa na tatizo. Kombo yao ilikuwa ya spika moja ya inchi 12 na wati 60, na chumba kile kidogo ilikitosha na kubaki.

Jumamosi ilikuwa harusi, kwenye ukumbi wenye mziki wake, sabufa mbili chini ya jukwaa na fundi wake. Fundi yule alivuta waya wa besi moja kwa moja mpaka kwenye miksa. Wageni walipata besi safi. Aliyeteseka ni mpiga besi mwenyewe, kwa sababu sauti ya sabufa ikirudi jukwaani inakuja kama ngurumo ya mbali: unajua kuna besi, hujui ni noti gani. Alikuwa anapiga kwa kuotea.

Ijumaa ndiyo ilikuwa kidonda. Ni baa ya wazi, ukuta mmoja tu nyuma ya jukwaa, pande nyingine viti, miti na barabara. Hapo bendi inatumia spika zake yenyewe, mbili za inchi 15 juu ya stendi, bila sabufa. Ndani yake zinapita sauti za waimbaji na kinanda, basi. Walishajaribu kuipitisha besi humo, sauti za waimbaji zikaanza kukoroma kila mguu wa dramu na besi vilipoangukia pamoja. Maana yake, besi yoyote itakayomfikia mteja wa meza ya mwisho inatoka kwenye kile kikombo cha wati 60.

Sauti ikiwa nje inapungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapokuwa maradufu. Kutoka meta 1 hadi 2 umepoteza 6, hadi 4 umepoteza 12, ukifika meta 16, ambako walikaa wateja wanaolipa vizuri, desibeli 24 zimekwenda. Ukumbini kuta na dari zinakurudishia sehemu ya hasara hiyo. Nje harudishi mtu. Tena sikio la binadamu ni zito kwa sauti nene: ili 60 Hz, yaani mitetemo 60 kwa sekunde, isikike sawa na 1000 Hz lazima uisukume kwa nguvu nyingi zaidi. Ndiyo maana mpiga solo mwenye wati 30 anaweza kumfunika mpiga besi mwenye wati 100 na hakuna aliyemroga mwenzake.

Hapo nikawa nimeshapata swali lenyewe, na halikuwa wati ngapi. Amplifaya ya besi ina masikio ya aina tatu ya kuhudumia: ya anayeipiga, ya wenzake jukwaani, na ya waliolipa kiingilio. Jumamosi masikio ya wateja yanahudumiwa na ukumbi. Ijumaa yote yanamngoja mtu mmoja. Bendi ambayo kila mahali inakuta sabufa inaweza kuishi na kombo ndogo nyepesi miaka yote, na fundi akiwashauri wanunue limashine anawaibia. Bendi hii ilikuwa na Ijumaa.

Nilimpa mpiga besi mfano wa mwaka 1969. Mwaka huo kampuni ya Ampeg ya Marekani ilitoa SVT, amplifaya ya valvu yenye wati 300, ya kusukuma makabineti, yaani makasha ya spika, ya spika nane za inchi 10, na Rolling Stones wakazunguka nazo Marekani mwaka huohuo. Haikuwa majivuno. Siku hizo mziki wa ukumbi ulikuwa wa kubeba waimbaji, magita yalijitegemea, na besi ilitakiwa ifike mwisho wa uwanja kwa miguu yake. Nikamwambia Ijumaa yenu bado ipo 1969. Nilijuta kusema, maana aliipenda hadithi kupita kiasi na kesho yake akanitumia picha za makabineti ya spika nane. Kabineti moja ya namna ile inayouzwa leo ina zaidi ya kilo 60, na hedi ya valvu, yaani amplifaya yenyewe bila spika, inakaribia 40. Nikamuuliza, "Kaka, hiyo itapanda bajaji gani?" Hakujibu.

Vya bure kwanza

Kabla hela haijatoka nilitaka kujua kikombo kile kinaibiwa kiasi gani na mambo yasiyo na bei. Kilikuwa kinaibiwa sana.

La kwanza ni ukuta. Kila Ijumaa walikiweka hivi kwamba uso wa spika ulikuwa meta moja kutoka ukutani, ili nyuma pabaki njia ya mpiga dramu. Nikamwomba mpiga besi apande noti moja moja huku mimi nimesimama kwenye viti. Zote zilikuja, ila F ya waya wa D, kidole cha tatu, ilipofika ilizama kama imetumbukia shimoni, kisha G ikaibuka. Nikamrudisha, ikazama tena. Alidhani gita lake bovu.

Gita lilikuwa zima. Sauti nene haiendi mbele tu, inazunguka kasha na kwenda nyuma pia. Ile ya nyuma inagonga ukuta na kurudi, na imesafiri meta mbili zaidi ya mwenzake. F ile ni 87 Hz, na kwa mwendo wa sauti wa kama meta 345 kwa sekunde wimbi lake lina urefu wa karibu meta nne. Meta mbili ni nusu ya wimbi. Ya mbele inapanda wakati ya nyuma inashuka, zinakutana na kuuana. Tulikisukuma kikombo mpaka mgongo ukakaribia ukuta, njia ya mpiga dramu ikahamia upande wa pili, na F ikafufuka. Zaidi ya hapo, ukuta ukiwa karibu unazisukuma mbele sauti nene zote zilizokuwa zinapotelea nyuma. Hiyo peke yake ilikuwa kama kuongezewa amplifaya, na malipo yalikuwa soda moja ya mpiga dramu.

La pili ni magoti. Kikombo kilikaa sakafuni na mpiga besi alisimama karibu nacho. Sauti za kati na za juu, zile zinazoipa noti herufi zake, zinatoka kwenye spika kama mwanga wa tochi, na tochi ilikuwa inamulika magoti. Alichosikia masikioni ni mvumo, kwa hiyo aliongeza sauti, mvumo ukaongezeka, akaongeza tena. Mpiga kinanda kwa upande wake hukaa kwenye stuli, masikio yake yako chini, ndani ya tochi kabisa. Yule mmoja hasikii, huyu mwingine anatobolewa, na wote wako sahihi. Tulikiinamisha kwa nyuma, uso ukaelekea juu kwa mpiga besi, na ugomvi wa wale wawili ukapungua nusu usiku uleule.

La tatu ni vitufe. Besi ilikuwa mwisho kulia, treble mwisho kulia, kitufe cha kati kimekaa sifuri. Mpangilio huo una jina letu sisi mafundi: tabasamu. Ukiwa peke yako chumbani tabasamu ni tamu, besi nene, kamba zinameta. Dramu, tumba na magita mawili yakiingia, besi inafutika, kwa sababu sehemu ya chini inamezwa na mguu wa dramu na ya juu inamezwa na magita na matoazi. Besi inasema kwenye sauti za kati, kama kati ya 400 na 800 Hz. Sikiliza rekodi za studio ya Radio Tanzania, za NUTA Jazz ambayo leo ni Msondo Ngoma, au za Mlimani Park baada ya kuanzishwa mwaka 1978. Besi ni kavu, fupi, unaweza kuiimba ukiwa unaosha vyombo. Dansi na rumba ndivyo zilivyo: mpiga besi anaweka noti mbili tatu, ananyamaza, anaweka nyingine, na mguu wa mchezaji unakanyaga penye ule ukimya. Amplifaya inayovuma inaziba ukimya. Tangu siku hiyo kigezo changu kwenye kila amplifaya niliyoisikiliza kikawa hicho: je, inajua kunyamaza?

Na la nne nililihifadhi mwisho kwa sababu lina mwenyewe. Mkono wa kushoto wa mpiga kinanda ulikuwa unapiga besi. Si kwa ubaya, alilelewa kanisani ambako hakukuwa na mpiga besi na mkono ule ndio uliofanya kazi hiyo. Lakini sasa besi zikawa mbili kwenye oktavu moja, zinapishana kidogo kila kona, na hakuna wati itakayotenganisha matope. Kiongozi alimwomba aupandishe mkono oktavu moja, na wakati wa chemko, pale wimbo unapochangamka watu wacheze, auondoe kabisa. Alikubali kwa shingo upande.

Ijumaa iliyofuata, kwa kikombo kilekile, waimbaji waliacha kulalamika. Nilipokwenda meza ya mwisho, besi ilinifikia kwenye nyimbo za taratibu. Chemko lilipoanza, mpiga dramu akapandisha mkono, mpiga besi akafuata, na kikombo kikaanza kukoroma. Hapo ndipo nilipokubali kwamba kununua kunahitajika.

Vyombo vitatu

Cha kwanza kilitoka kwa mjomba wa mpiga rithim, anayeishi Marekani na hutuma mizigo kwa kontena la kuchangia. Kombo ya spika moja ya inchi 15, mtumba, bei ya kindugu. Mpwa alikuja na picha ya bamba la nyuma: 120V, 60Hz, 400W. "Wati mia nne, mjomba anasema bado mpya."

Bamba lile lina mitego miwili, na naomba anayesoma haya akaangalie lake leo. Wati zinazoandikwa karibu na waya wa umeme ni umeme ambao mashine inakula, si sauti inayotoa. Tukatafuta kitabu cha modeli ile, tukakuta inatoa 200. Mtego wa pili ni ile 120V. Umeme wetu ni 230V na 50Hz. Kuna mashine zenye swichi ya kuchagua na nyingine hujirekebisha zenyewe, hii haikuwa na lolote kati ya hayo. Ukiichomeka ukutani, ukiwa na bahati fyuzi inakatika, usipokuwa nayo unaona moshi. Dawa ni transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo mara mbili ya inachokula mashine, nayo ni chuma, nzito, na lazima itembee na kombo kila mahali. Tena mashine za zamani za transfoma ya ndani zilizopimwa kwa 60Hz hupata joto zaidi kwenye 50. Vyote hivyo vinavumilika studioni kwenye kona isiyoguswa. Lakini bendi inafunguliwa vyombo usiku wa manane na vijana waliochoka, gizani, na siku moja kijana mmoja angeichomeka ukutani bila transfoma. Nilikuwa na uhakika na siku hiyo kuliko nilivyokuwa na uhakika na spika. Tulimshukuru mjomba.

Cha pili kilikuwa Kariakoo. Hedi na kabineti ya spika nne za inchi 10, mpya, na usoni kwa herufi kubwa: 1000W. Mpiga besi alishaichumbia kabla sijafika. Muuzaji aliweka tabasamu kwenye vitufe, akapiga noti moja ya chini, na kila aliyekuwa dukani akaguna kwa raha.

Nyuma, kwa herufi za kusomea miwani, ile elfu moja ilikuwa nguvu ya kilele, yaani ya kufumba na kufumbua. Nguvu ya kudumu ilikuwa 250, tena kwenye omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme). Kabineti iliyokuja nayo ilikuwa ya omu 8. Amplifaya nyingi za transista hazitoi nguvu yake yote kwenye omu 8; hupata kama nusu yake au zaidi kidogo, kwa sababu umeme mchache unapita. Ili uifikie ile 250 unahitaji kabineti mbili za omu 8, ambazo zikiunganishwa sambamba zinakuwa 4. Kwa hiyo elfu moja ya mlangoni ilikuwa inakwenda nyumbani na wati 150 hivi. Spika nne bado zingeipa heshima fulani, sitaki kuidharau. Kilichoniudhi ni kasha. Nilimwomba mpiga besi avue tabasamu, apige A ya chini kwa nguvu na kuishika, na ubao wa nyuma ukaitikia kama debe. Kisha akapiga mstari wa chemko, noti na ukimya, nami nikavuka upande wa pili wa barabara. Ukimya haukuwepo. Kabineti ilikuwa bado inazungumza noti iliyopita.

Tulipojaribu kuinyanyua tulikuwa wawili na tukaiweka chini mara mbili kabla ya mlango.

Cha tatu nilikipata kwa kuulizia. Kanisa moja lililokuwa linabadilisha vyombo lilikuwa linauza Fender Rumble 500 iliyotumika, toleo la 230V, imeandikwa wazi nyuma. Spika mbili za inchi 10, uzito kilo 16 na kitu, mtu mmoja mkono mmoja. Yenyewe peke yake inatoa wati 350 kwa sababu spika zake za ndani ni omu 8. Ukiiongezea kabineti ya nje ya omu 8 inafika 500. Wepesi huo unatokana na mitambo ya siku hizi ya daraja la D pamoja na pawasaplai yake, vyote vikiwasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa badala ya kuuchoma kwa joto, kwa hiyo haihitaji transfoma kubwa wala mapande ya alumini ya kupoozea.

"350," alisema mpiga besi, kama mtu aliyepunguziwa mshahara.

Nikamfanyia hesabu. Kuzidisha wati mara mbili kunakupa desibeli 3, tofauti unayoisikia lakini huitungii wimbo. Ili sikio liseme "sauti imekuwa mara mbili" unahitaji karibu desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kutoka 60 zake hadi 350 ni karibu desibeli 8, hatua kubwa kweli. Na kutoka 350 hadi elfu moja, hata ingekuwa elfu ya halali, ni desibeli 4 na nusu. Ukichukua spika mbili, moja inatoa desibeli 97 kwa wati moja kwenye meta moja na nyingine 100, hiyo ya pili imekupa zawadi sawa na kuzidisha amplifaya mara mbili, bila kula umeme zaidi. Lakini namba hiyo haiandikwi usoni kwa herufi kubwa, kwa hiyo hakuna anayeiuliza.

Nikiri hapa kwamba nilikuwa na chaguo la nne kichwani, na kama mfuko ungekuwa milioni 5 ningelipigania. Ningenunua sabufa mbili za maana kwa ajili ya Ijumaa, besi na mguu wa dramu vipite humo, na kile kikombo cha wati 60 kibaki kumsikilizisha mpiga besi. Kwa besi ya nje, spika za wateja ndizo amplifaya bora, na waimbaji nao wangepumua. Mfuko ulikuwa na milioni 2.

Kanisani, saa nane mchana

Tulikwenda na mpiga dramu. Sikubali kumnunulia mtu amplifaya ya besi bila dramu chumbani, kwa sababu dukani kila kitu kina sauti kubwa. Tuliacha vitufe vyote katikati, tukapandisha kidogo sauti za kati, na wakapiga chemko bila kusimama kwa dakika ishirini. Nilitaka ipate joto. Mashine yenye hitilafu ya kujikata au feni iliyokufa haikuonyeshi kitu dakika mbili za kwanza. Nilizungusha kila kitufe nikisikiliza mikwaruzo, nikatikisa kila jeki, nikaweka sikio kwenye twita. Kisha nikavuta laini ya nyuma, ile ya pini tatu, nikaipeleka kwenye miksa ya kanisa, maana Jumamosi laini hiyo ndiyo ingekuwa na kazi kubwa kuliko spika zote. Ilikuja safi. Ilipoguna kidogo nikabonyeza swichi ya kutenga ardhi ya laini na ikatulia.

Mzee wa kanisa alipunguza laki moja baada ya kusikia kwamba mpiga kinanda wetu alilelewa kwenye kwaya. Ile laki haikurudi mfukoni. Niliiomba kwa ajili ya stabilaiza na plagi, na hapa nitasimama kidogo.

Jukwaani kwa Ijumaa niliwahi kumkuta kijana amechomeka plagi ya pini mbili kwenye soketi yetu ya matundu matatu kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu, ili vile vizuizi vya ndani vifunguke. Sote tumewahi kufanya hivyo na chaja ya simu. Kwenye amplifaya maana yake hakuna ardhi, ule waya wa usalama unaoupeleka chini umeme uliovuja. Mpiga besi anashika nyaya za chuma, anasogea kuitikia kwenye kipaza sauti ambacho ardhi yake inatoka kwenye soketi nyingine, na shoti inampata mdomoni. Baadhi ya mafundi "wanatibu" mguno kwa kukata pini ya ardhi, nami fundi wa namna hiyo simpi waya wangu. Mguno unatibiwa kwenye laini ya sauti. Pini ya ardhi haiguswi. Stabilaiza ni kwa sababu ya jenereta la ile baa, ambalo friji mbili zikiwaka pamoja taa za jukwaa zinafifia, zikizima taa zinawaka kama mchana.

Ijumaa ya kwanza

Niliharibu mwanzo. Nilitaka kombo iinuke kidogo kutoka sakafuni, nikaiweka juu ya kreti la bia bila kuangalia kwamba lina chupa tupu. Mpiga besi alipogusa A, chupa zote zikaimba. Watu wa meza za mbele walidhani ni manyanga mapya.

Tukabadilisha kreti, mgongo ukutani, uso umeinama nyuma, sauti za kati zimepanda. Nikaenda meza ya mwisho. Kwenye chemko niliweza kuhesabu noti zake na niliweza kuhesabu ukimya wake, na kitufe cha sauti hakikufika hata katikati. Mpiga dramu, ambaye hakuwahi kulalamika, ndiye aliyebadilika zaidi: alipunguza mkono, maana sasa alikuwa na mtu wa kuegemea, na waimbaji wakashusha koo.

Kilichobaki ni E ya chini kabisa. Ni 41 Hz, na spika mbili za inchi 10 kwenye kasha dogo, nje, haziwezi kuitoa kwa nguvu ikafika meta 16. Kinachofika ni sauti yake ya oktavu ya juu, 82 Hz, na sikio linajazia lenyewe. Mpiga besi wa nyuzi tano, ambaye B yake ya chini ni 31 Hz, angelalamika zaidi. Huyu wa nyuzi nne ameridhika, ingawa anaweka akiba ya kabineti ya pili ya omu 8. Ikija, wati zitapanda hadi 500, ambayo ni desibeli moja na nusu tu, lakini uso wa spika utakuwa umeongezeka maradufu na huo unaweza kutoa desibeli 3 nyingine. Jumla yake ni ile 4 na nusu aliyokuwa anaitafuta kwenye elfu moja ya Kariakoo.

Jumamosi yake fundi wa ukumbi alichukua laini, akaniuliza tu kama kuna mtu atagusa vitufe katikati ya wimbo. Ni swali zuri: amplifaya nyingine hutoa laini kabla ya vitufe, nyingine baada, na kwenye hizo za baada kila anachojirekebishia mpiga besi jukwaani kinabadilisha ukumbi mzima. Tulikubaliana hagusi.

Kile kikombo cha wati 60 hakikuuzwa. Kimewekwa kando ya stuli ya mpiga kinanda, kimsikilizishe yeye peke yake. Ijumaa iliyopita, katikati ya wimbo wa tatu, nimesikia mkono wa kushoto umeshuka tena.